Kutazama Mishipa ya Mguu Bila ya Kisu



Mmoja wenu ametuuliza khabari ya jamaa yake aliyeko Mlali, Wilaya ya Kongwa. Ana kisukari, na kidonda cha mguuni hakiponi. Ameambiwa aende Dodoma mjini akapigwe picha ya mishipa, naye aogopa kupasuliwa.

Twamjibu: asiogope. Kipimo hiki hakina kisu wala sindano. Mguu hupakwa utelezi, kikapitishwa juu yake chombo kinachotoa sauti isiyosikika. Sauti ikigonga damu inayokwenda hurudi imebadilika, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Mashine huonyesha mwendo wa damu kwa rangi, na mshipa ulipojibana huonekana.

Wengine hupimwa kwanza presha ya kifundo cha mguu, ikagawanywa kwa ya mkono. Jawabu likiwa chini ya 0.9, yaelekea mshipa umejibana. Lakini kisukari huweza kuukaza mshipa, jawabu likadanganya; ndipo picha hutakiwa.

Nasi wapanda mikarafuu tusingoje. Mguu ukiuma kwa kutembea na kutulia kwa kupumzika, au kidonda kikikawia kupona, tumwone daktari mapema, mguu ungali wa kuokolewa.