Kokwa Lililojificha

Nje ya jumba la makumbusho la Franklin Institute, Philadelphia, Marekani, imesimama ndege iliyonyeshewa mvua na theluji tangu miaka ya 1930. Ni Budd BB-1 Pioneer, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931. Kiunzi chake ni cha chuma kisichoshika kutu, na badala ya ribiti kimeunganishwa kwa umeme, doa baada ya doa.

Mabamba mawili hulazwa pamoja, ncha mbili za shaba zikayabana juu na chini, kisha hupitishwa umeme wa maelfu ya ampea kwa kitambo kifupi mno. Chuma huyeyuka pale yanapogusana, na kikipoa hubaki kokwa dogo lililoyashika yote mawili.

Taabu ni kwamba kokwa hilo halionekani. Fundi wa mageti huutazama mshono wake akajua umeshika. Hapa nje pana kovu la duara tu. Huenda ndani mabamba yamegandana juujuu, kama chapati zilizopangwa zingali moto.

Tena chuma kisichoshika kutu kikikawia kwenye joto kali, kromiamu hushikana na kaboni, na kinga ya kutu hupungua kandokando ya doa. Earl Ragsdale, mhandisi wa kampuni ya Budd iliyoiunda ndege hiyo, alilitatua hilo kwa umeme mwingi wa muda mfupi sana.

Je, ubora unajulikanaje? Kwa kuharibu. Hutengenezwa vipande vya majaribio kwa mashine ileile, kwa bamba la aina na unene uleule. Fundi hukifunga kipande kwenye jiliwa, akauma ukingo kwa koleo, akaubandua polepole. Doa zima halikubali kuachia: bamba huchanika likabaki na tundu, na kokwa likabaki upande wa pili kama kifungo cha shati. Doa bovu huachia kirahisi, likaacha alama inayong'aa. Naona hakuna kipimo kinachosema ukweli waziwazi kuliko hiki. Vipande vingine hukatwa, vikasuguliwa na kutazamwa kwa hadubini.

Hata hivyo, mashine iliyopasi asubuhi haiaminiki hadi jioni. Kila inapobana, ncha ya shaba hupondeka na kutanuka. Umeme uleule husambaa eneo kubwa zaidi, joto hupungua, kokwa husinyaa, ilhali namba ya ampea haijabadilika. Ndiyo maana fundi husimamisha kazi, akachonga ncha upya, kisha akabandua kipande kingine kabla ya kuligusa bamba la ndege.