Nguvu nazo ni mtaji: Jimu ya akina mama peke yao yawezekana Masasi na Newala

MFANYABIASHARA mdogo akiulizwa mtaji wake atataja fedha, mzigo na banda. Ni wachache watakaotaja mgongo, magoti na mikono. Lakini mama anayeuza mitumba Masasi au muhogo Newala akishindwa kunyanyua furushi lake, atalazimika kumlipa mbebaji kila siku. Akipatwa na shinikizo la damu au kisukari, fedha ya kununulia mzigo huishia kwenye dawa.

Zamani unene haukuwa gumzo juu ya uwanda wa Makonde. Vijiji vingi viko juu, maji yako mabondeni. Mwanamke wa Newala aliteremka bondeni na kupanda tena na ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 kichwani, kisha akashika jembe. Mradi wa maji wa Makonde, unaotegemea chanzo cha Mitema huko Kitangari, ulikusudiwa kuwapunguzia watu adha hiyo. Kila kijiji kilichofikiwa na bomba kilipata nafuu kubwa, wala hakuna anayetamani kurudi bondeni.

Tatizo ni kwamba mwili una hesabu zake: chakula kilichoingia na kazi iliyofanyika. Mama aliyeacha jembe akafungua genge hukaa kitini asubuhi hadi jioni na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Ugali ni uleule wa siku za kulima, na sasa umeongezewa chapati, soda na korosho za kutafuna akingoja wateja. Gramu 100 tu za korosho zina nishati ya takriban kilokalori 550.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Utafiti wa 2015/16 uliwakuta wamefika 28.

Kujipima si kazi ngumu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.6 atagawanya 80 kwa 2.56 na kupata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi; kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Kwa nini peke yao?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Ushauri ni mzuri, lakini mama wa Masasi atafanyia wapi? Akikimbia barabarani alfajiri atatupiwa maneno. Akiingia jimu ya vijana wa kiume hana uhuru wa kuvua baibui wala kuchuchumaa. Akianza kupungua, wapo watakaosema anaumwa au hatunzwi na mumewe, kwa kuwa wengi bado huona unene ni dalili ya neema.

Ukumbi wa wanawake tu huondoa vikwazo hivyo kwa mara moja. Wala si jambo geni katika wilaya hizi. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanaujua unyago, ambako wanawake hukutana, hucheza na kufundishana bila mwanamume kukanyaga.

Kibiashara, wazo hili lilikwisha kujaribiwa nje. Mwaka 1992, Gary na Diane Heavin walifungua jimu ya wanawake iliyoitwa Curves katika mji wa Harlingen, jimbo la Texas, Marekani. Ilikuwa na mashine chache zilizopangwa duara, na mteja alimaliza zoezi kwa dakika 30. Gharama zikawa ndogo, hivyo hata miji midogo iliweza kuwa na tawi. Katikati ya miaka ya 2000 matawi yalikaribia 10,000 duniani. Baadaye mengi yalifungwa, hasa hukohuko Marekani. Funzo ni mawili: ukumbi mdogo unatosha kuanza, na kuandikisha wanachama wengi si sawa na kuwa nao mwaka hadi mwaka.

Kuanza kwa kidogo

Kikundi cha VICOBA hakihitaji kusubiri mashine za umeme. Dumu la lita 5 likijazwa maji lina kilo 5. Likijazwa mchanga mkavu linakaribia kilo 8. Kwa madumu, kamba za kuruka, mikeka na chumba chenye mlango unaofungwa, kazi inaweza kuanza. Kuchuchumaa na kusimama, kunyanyua mzigo mgongo ukiwa umenyooka, na kujisukuma kwa mikono ukutani ni mazoezi ya kutosha kwa mwezi wa kwanza. Kila moja lifanywe mara 10 hadi 12, kisha mtu apumzike na kurudia.

Tuseme wanachama ni 30 na kila mmoja anatoa Sh5,000 kwa mwezi. Hizo ni Sh150,000 za kulipia pango, mwalimu wa kike na vifaa. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Jambo la kuangaliwa ni msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na ndipo fedha huonekana mitaani. Mvua zikishika, akina mama wengi huenda shamba, na ifikapo Februari mifuko imekauka. Jimu itakayodai ada ileile kila mwezi itajikuta tupu. Ni afadhali mwanachama alipe ada ya miezi kadhaa wakati wa korosho, na ratiba ya miezi ya kilimo iwe jioni, mara mbili kwa wiki.

Wanachama waambiwe ukweli tangu mwanzo. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha, na mazoezi bila kupunguza sukari na mafuta huleta mabadiliko madogo. Kunyanyua vitu vizito hakumfanyi mwanamke awe na mwili wa kiume. Huimarisha mifupa na kusaidia misuli kutumia sukari iliyo kwenye damu. Mjamzito, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua, amwone kwanza mganga katika kituo cha afya au hospitali.

Mizani nayo isiwe kipimo pekee. Mama aliyeshindwa kunyanyua ndoo ya maji mwezi wa kwanza, akaweza kuibeba mwezi wa tatu bila kuhema, amepata faida hata kama kilo zimepungua mbili tu. Mkulima hungoja mkorosho miaka kadhaa kabla ya kuvuna. Mwili hauhitaji muda mrefu hivyo, lakini nao unataka palizi kila wiki.