Sukari Ikianza Kupanda: Pesa Iende kwa Ndengu au kwa Asali?

Mtu akipimwa sukari ya damu asubuhi kabla ya kutia chochote kinywani na mashine ikaandika 6.3, bado hana kisukari. Kisukari huanzia 7.0. Lakini kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni hatua ya kabla ya kisukari, na mtu aliye hapo ana nafasi nzuri ya kurudi nyuma akijirekebisha mapema. Shida ni kwamba akitoka kliniki, iwe Wote au Kitui mjini, wazo linalomjia kwanza ni kununua kitu. Jirani anamsifia asali ya Mwingi, shemeji anamletea unga wa moringa, na mwenye duka anamwonyesha mkate wa kahawia uliozidi ule mweupe bei.

Nimevilinganisha vitu hivyo na vyakula vya kila siku vya Ukambani, kwa bei na kwa kazi vinavyofanya mwilini. Hesabu imeelemea upande mmoja: mabadiliko yenye nguvu zaidi ni yale yanayopunguza matumizi ya nyumba, na yale ya bei kali ndiyo yenye manufaa haba. Bei nitakazotaja ni za kadiri tu, kwa maana ndengu ya Februari baada ya mavuno na ndengu ya Oktoba hazina bei moja hata kwa muuzaji yuleyule wa soko la Kalundu.

Jambo lenyewe linawagusa watu wa huku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima Waluo, Wakamba na Wamaasai wa vijijini na mijini, uliikuta sana ile hali ya katikati, ambapo mwili unashindwa kuishusha sukari upesi baada ya kula: kama watu 12 katika kila 100 waliopimwa.

Tuanze na chai. Anayetia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe na kunywa vikombe vitatu kwa siku anakula gramu 36 hivi, kumbe kiwango bora kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 25 kwa siku kutoka kila upande, soda na keki zikiwemo. Kwa mwezi hiyo ni zaidi ya kilo moja kwa mtu mmoja. Nyumba ya watu watano wanaokunywa hivyo inamaliza kilo tano na ushee, na sukari ikiwa shilingi 160 kwa kilo, zinakwenda zaidi ya shilingi 850. Wote wakishuka hadi kijiko kimoja, zinabaki mfukoni karibu shilingi 570 kila mwezi. Ulimi hulalamika wiki mbili tatu za kwanza, kisha huzoea. Soda ya nusu lita nayo ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na bei yake inakaribia ya nusu kilo ya ndengu.

Asali haibadilishi hesabu hii. Asilimia 80 hivi ya asali ni sukari, nyingi ya sehemu iliyobaki ni maji, na kilo yake huuzwa mara nne ya bei ya sukari au zaidi. Wafugaji nyuki wa Mwingi wanastahili wateja, nami ni mteja wao, ila mtu asiinunue kama dawa ya sukari. Mkate wa kahawia, soma karatasi yake: kiungo cha kwanza kikiwa unga wa ngano wa kawaida, umelipia rangi. Moringa ni mboga nzuri kwa aliye na mti wake nyuma ya nyumba. Kuinunua ikiwa unga ndani ya kopo, kwa bei ya kilo mbili za mbaazi, ni jambo nisilolielewa.

Sasa kwenye unga, ambako mambo yana utata zaidi. Unga wa pakiti, ule mweupe laini, umeondolewa ganda na kiini, kwa hivyo ugali wake hugeuka sukari haraka. Faida yake ni kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawalazimu wasagaji kuuongezea vitamini na madini. Mahindi ya gorogoro yanayosagwa mtaani bila kuchekechwa mara nyingi ni nafuu, hata ukijumlisha ada ya kinu, na ganda lake lote linabaki. Lakini huku Ukambani siwezi kuyasifu mahindi ya bei ya chini nikanyamazia mwaka 2004. Mwaka ule sumu ya aflatoksini, inayoletwa na kuvu kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, iliwapata watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Basi punje iliyobadilika rangi, iliyooza au yenye harufu ya uvundo isifike kinuni, hata ikiwa ya bure.

Na hapo muthokoi inajitetea vizuri. Mahindi yake yamekobolewa, kwa hivyo yana nyuzinyuzi chache kuliko yale mazima ya isyo, yaani githeri. Lakini kukoboa kunaondoa pia sehemu kubwa ya ile sumu, ambayo hupenda kukaa kwenye ganda na kiini. Tena muthokoi ni punje ya kutafunwa, na chakula cha kutafuna hakiipandishi sukari kwa kasi ya unga laini. Kwangu mimi swali la isyo au muthokoi halina uzito sana. Linalohesabika ni kilichochanganywa humo sufuriani. Sahani nyingi za hotelini huwa mahindi matupu yenye kunde za kuhesabika. Ukipika nyumbani, weka kikombe cha mbaazi au kunde kwa kila kikombe cha mahindi. Mchanganyiko utagharimu zaidi kidogo, lakini utashiba kwa sahani ndogo na njaa haitarudi saa kumi ikikusukuma kwenye mandazi.

Mtama ni chaguo zuri kwa anayeupenda, maana hustahimili ukame, na ugali wake ukisagwa na ganda lake hushibisha kwa tonge chache. Wimbi mara nyingi huwa ghali zaidi, na watu huuharibu wenyewe: unasagwa laini, unapikwa uji mwepesi, unatiwa sukari vijiko vinne, kisha unaitwa chakula cha mgonjwa. Vyovyote utakavyochagua, kipande cha ugali kisizidi ngumi yako, na nusu ya sahani iwe mboga. Sukuma wiki, majani ya kunde na mchicha hufanya kazi hiyo sawasawa. Chagua iliyo rahisi wiki hiyo.

Watu wengi huishia kulinganisha bei za kilo, kumbe gharama iliyofichika ni moto. Ndengu huiva kwa dakika 40 hivi. Maharagwe makavu na mbaazi kavu zinaweza kula saa mbili za makaa, na isyo zaidi ya hapo, hivi kwamba kilo iliyo rahisi sokoni inageuka ghali jikoni, hasa kwa mpangaji wa Emali au Mwingi anayenunua makaa kwa mkebe. Ndiyo sababu nawapa ndengu nafasi ya kwanza wanaoishi mjini, hata pale inapozidi maharagwe kwa shilingi kadhaa. Wengine waloweke usiku kucha na wapike sufuria kubwa ya siku mbili au tatu, kama mama zetu walivyofanya: chakula kinachemshwa mara moja, kisha kila jioni kinakaangwa na kitunguu. Na mwenye nafasi ya kuhifadhi anunue ndengu msimu wa mavuno, azikaushe vizuri, azifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wasipate pa kuanzia.

Embe zina msimu wake pia, na Makueni hakuna atakayekubali kunyimwa embe Januari. Halazimiki. Nusu ya embe kubwa, iliyoliwa na nyuzi zake baada ya mlo, haina ubaya. Juisi ni hadithi nyingine, kwa sababu glasi moja hubeba utamu wa maembe mawili na haijazi tumbo.

Kuna wanaouliza kwa nini wasimeze vidonge tu, na swali ni halali, maana metformini si ghali. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,200 walio katika hatua hii, ulilinganisha njia hizo mbili. Waliorekebisha chakula, wakalenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, 31. Daktari anaweza bado kukuandikia, hasa ukiwa mnene sana au uliwahi kupata kisukari cha mimba.

Kuhusu vipimo, anza na kisicho na malipo. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye mashine ya sukari, kwa hivyo muulize wa kijiji chenu. Kile kipimo cha maabara kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, hugharimu kama shilingi 1,500 hadi 3,000 kwenye maabara za kibinafsi, na mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Mashine ya kwako mwenyewe mara nyingi haina haraka katika hatua hii. Ukiamua kuinunua hata hivyo, usidanganywe na bei yake: vibanzi vya kuchomeka ndivyo vinavyokula pesa, kila mashine ina vyake, na kabla ya kulipa uliza kama hupatikana mwaka mzima hapo mjini kwenu au itabidi uviagize kutoka Nairobi.