Mafuta ya Zanzibar: mshirika ni yule awezaye kukagua

Mafuta yakitajwa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wanapokaa watu na vikombe vyao vya kahawa, swali la kwanza huwa lile lile: sisi tutapata asilimia ngapi? Ni swali la haki, na anayeliuliza si mjinga. Tatizo ni kwamba linarukia mbele ya maswali mawili yanayopaswa kulitangulia. La kwanza: nani ana mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya mwenye mali? La pili: saini ikishatiwa, nani wa upande wetu ataweza kuzisoma hesabu za mwenzake na kumwambia, hapa sikubali? Zanzibar ilikwama kwenye swali la kwanza kwa karibu miaka 20. La pili ndilo lililo mezani sasa, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Utafutaji wenyewe si jambo jipya. BP na Shell walichimba kisima Unguja katika miaka ya 1950, kikapita mita 4,000 kwenda chini, kisha wakachimba kingine Pemba mwaka 1962. Havikutoa mafuta ya kuuza. Hata hivyo watu wa Tundaua, Pemba, walikuwa na ushahidi wao: mafuta yanayojipenyeza yenyewe kutoka ardhini. Kwa mtaalamu wa miamba, dalili hiyo ina maana kwamba huko chini kuna mahali mafuta yalipikika. Haina maana kwamba yamehifadhika mahali pamoja, kwa wingi unaolipa gharama ya kuyatoa. Kati ya mambo hayo mawili ndiko fedha za utafutaji zinakoteketea.

Yakaja Mapinduzi, ukaja Muungano, na mwaka 1968 mafuta na gesi asilia yakaingizwa kwenye orodha ya Mambo ya Muungano. Katiba ya mwaka 1977 ikaibeba orodha hiyo. Maana yake ni kwamba mkataba wa kitalu cha bahari ya Pemba ulikuwa unatiwa saini Dar es Salaam, na mwakilishi wa mwenye mali akawa TPDC, shirika la mafuta la Tanzania lililoundwa mwaka 1969. Kampuni ya Antrim ya Kanada ilipata mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar mwaka 1997. Shell ikashinda vitalu namba 9, 10, 11 na 12 mwaka 2002. Vyote vilikwama. Serikali ya Mapinduzi ilihoji mgawanyo wa mapato na uhalali wa utaratibu wenyewe, Baraza la Wawakilishi likaazimia mwaka 2009 kwamba mafuta yatolewe katika Mambo ya Muungano, na kampuni zikakaa pembeni zikisubiri.

Wapo waliosema kampuni zile zilikuwa na woga. Sidhani. Kampuni ya kimataifa imezoea visima vikavu. Kila mwaka inachimba kadhaa na kuvifuta vitabuni. Isichoweza kukistahimili ni hati yenye wenyewe wawili. Kisima kimoja cha baharini hula mamilioni ya dola, na fedha hizo hutoka kwa wanahisa na mabenki wanaouliza jambo moja tu: mafuta yakipatikana, nani atatuzuia kuyauza? Ikiwa jibu linategemea mvutano wa serikali mbili ambao haujamalizika, mkurugenzi mwenye akili atafunga faili na kupeleka mtambo Msumbiji.

Fundo hilo lilifunguliwa kwa sheria mbili. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake, na mapato yake yabaki Zanzibar. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia ya Zanzibar, namba 6 ya 2016. Sheria hiyo ikaunda vyombo viwili: ZPRA, mamlaka ya udhibiti, na ZPDC, kampuni ya mafuta ya Serikali ya Mapinduzi. Shell nayo ikaviachia vitalu vyake. Wanasheria walinong'ona, na sauti yao isipuuzwe, kwamba orodha iliyomo ndani ya Katiba haikuguswa: sheria ya Bunge imepita kandokando yake. Sheria ya Bunge hubadilishwa na Bunge. Kila mshirika wa nje mwenye wakili mzuri ameliona hilo.

Kutenganisha ZPRA na ZPDC si urasimu wa kuongeza vyeo. Bara walichelewa kufanya hivyo. Hadi sheria ya 2015 ilipounda PURA, mdhibiti wa Bara, TPDC ilikuwa mchezaji na mpiga kipenga kwa wakati mmoja: inaingia ubia na kampuni ya nje, kisha inageuka kumsimamia mbia wake na kujisimamia yenyewe. Zanzibar ilibahatika kujifunza kwa mwenzake, na hapo inastahili pongezi.

Oktoba 2018, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein, mkataba wa kwanza chini ya sheria mpya ukatiwa saini na RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwaka mmoja kabla, ndege ilikuwa imepita juu ya visiwa kupima nguvu ya mvutano wa ardhi, na meli ya utafiti wa mitetemo imefanya kazi baharini. Vyombo vingi vya habari viliiita RAK Gas kampuni ya kimataifa, na basi. Lakini hiyo ni kampuni ya serikali ya Ras Al Khaimah, mojawapo ya falme saba zilizoungana kuwa Umoja wa Falme za Kiarabu. Kwa hiyo pande zote mbili za meza zilikaliwa na kampuni za serikali, na zote mbili zimetoka katika nchi ndogo zilizomo ndani ya muungano mkubwa zaidi. Tofauti ni kwamba ibara ya 23 ya Katiba ya Umoja wa Falme za Kiarabu inasema wazi kuwa maliasili za kila ufalme ni mali ya umma ya ufalme huo. Abu Dhabi ina mafuta mengi, Ras Al Khaimah ina machache, na muungano wao umedumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ajabu ni kwamba katika mabishano yetu ya Muungano mfano huu hautajwi, ilhali tumeketi nao meza moja.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe, ule ambao katika sekta huitwa PSA, mkataba wa kugawana mapato ya uzalishaji. Kanuni yake ni hii: mali hubaki ya serikali, kampuni hutoa mtaji na kubeba hatari. Isipopata kitu, imekula hasara yake. Ikipata, hurudishiwa gharama kutoka kwenye mafuta yenyewe, na kinachobaki hugawanywa.

Tuchukue mapipa 100 kwa mfano wa kubuni, si ya mkataba wowote. Serikali inachukua mrabaha wa mapipa 10 kwanza. Yanabaki 90. Mkataba unaruhusu kampuni ijirudishie gharama hadi nusu ya hayo, yaani 45. Yaliyobaki 45 yanagawanywa: asilimia 60 serikali, 40 kampuni. Serikali inapata 27, ukijumlisha na mrabaha ni mapipa 37. Huko barazani tutashangilia kwamba tuna asilimia 60. Kwa hakika tumeondoka na 37.

Halafu tuseme gharama halali zilikuwa mapipa 30, si 45. Hizo 15 za ziada ni nyumba ya meneja iliyopangishwa kwa bei ya anasa, vifaa vilivyonunuliwa kutoka kampuni dada kwa bei ya juu, ada ya makao makuu isiyoeleweka ni ya nini. Zikiondolewa, mafuta ya kugawana yanakuwa 60, fungu la serikali linakuwa 36, na jumla yake 46. Mapipa tisa yamerudi bila asilimia hata moja ya mkataba kubadilishwa. Kilichoyarudisha ni mkaguzi.

Haya si ya kufikirika. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Ukaguzi wa TPDC baadaye ulipinga gharama za makumi ya mamilioni ya dola zilizokuwa zimerudishwa na mbia wake, PanAfrican Energy. Kampuni ikakataa, suala likafika Bungeni mwaka 2011, na mvutano ukaendelea kwa miaka. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. La kujifunza ni kwamba ukaguzi ulikuja miaka mingi baada ya fedha kutumika, wakati risiti zimepoa na watu wamehama. Mkaguzi anayeingia kila mwaka, anayejua bei ya kukodi mtambo na mshahara wa mhandisi, huzuia ugomvi kabla haujazaliwa.

Kuna njia ya pili ya kuingia ndani ya hesabu, nayo ni kumiliki hisa. Kampuni ya serikali huchukua sehemu ya kitalu na kukaa kwenye kamati ya pamoja inayopitisha bajeti. Mara nyingi mbia huibeba katika kipindi cha utafutaji: analipa fungu la kampuni hiyo, kisha anajirudishia mafuta yakianza kutoka. Huko Mnazi Bay, Mtwara, TPDC ilianza na asilimia 20. Maurel & Prom ya Ufaransa ilipoinunua Wentworth, mbia mwingine wa hapo, TPDC ilitumia haki yake ya kwanza ya kununua, na mwaka 2024 ikafikisha asilimia 40. Huo ndio ukuaji: shirika linaongeza hisa mahali ambapo gesi inajulikana ipo na hesabu zake zimezoeleka, badala ya kudai fungu kubwa siku ya kwanza na kushindwa kulilipia.

Na Oman? Familia nyingi za Unguja zina ndugu waliofanya kazi PDO, kampuni ya mafuta ya Oman, kule Maskati, kwa hiyo hadithi hii tunayo majumbani. Oman ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1967. Mwaka 1974 serikali ilichukua asilimia 60 ya PDO, Shell ikabaki na 34, wengine wakagawana sita. Serikali haikuwafukuza wenye ujuzi; iliwaweka ndani ya nyumba moja na vijana wake, ikangoja vijana wakue. Hata hivyo, mwaka 2004 Shell ilipokiri kuwa ilikuwa imezidisha hesabu ya akiba zake, Oman ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Baada ya miaka 30 ya ushirika mwema, bado ilibidi namba zikaguliwe.

Ukaguzi wa wataalamu pekee hautoshi pale wananchi wanapofichwa. Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2 kati ya Tanzania na Statoil ilivuja, na nchi nzima ikajadili vipande vya karatasi bila kuuona mkataba kamili. Mwishoni mwa mwaka huo huo kamati ya Bunge ikagombana na TPDC juu ya mikataba 26 ambayo ilikuwa imeombwa na haikuletwa. Siri ile haikumlinda yeyote. Mwekezaji alituhumiwa kwa aliyoyafanya na asiyoyafanya, na serikali ikalazimika kutetea namba ambazo haikuwa imezitangaza.

Machi 2024 Zanzibar ilifungua duru yake ya kwanza ya zabuni, vitalu 8 vya baharini, chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Bahari hiyo ina wavuvi na watalii wake, kwa hiyo kipengele cha nani atalipa mafuta yakimwagika, na fedha hizo zimewekwa wapi tangu mwanzo, kina uzito sawa na kipengele cha mgao.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, huko Chukwani, wanaweza kufanya mambo matatu bila kusubiri kisima. Waitake serikali ichapishe kila mkataba wa kitalu kwa Kiswahili mara unapotiwa saini, ukiwemo ule wa 2018. Waipe ZPRA bajeti ya kukagua gharama kila mwaka, na ripoti iletwe Barazani. Na waiulize ZPDC, kwa majina ya kazi na idadi ya watu, ina wahasibu wangapi wa gharama za mafuta na wajiolojia wangapi wa kwake yenyewe. Jibu la swali hilo la mwisho litatuambia mengi kuliko asilimia yoyote itakayotangazwa siku ya saini.