Usiku wa kwanza gesti

Basi linaingia Dodoma saa nne usiku. Abiria hajakanyaga chini, mkono wa mpiga debe umeshashika begi lake. Kwa wengi hiyo ni kero ya dakika moja. Kwa mwanamke aliyewahi kubakwa, mkono huo unaweza kuamsha mwili mzima: moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, sauti inakauka kooni. Baadaye, akiwa kitandani gesti, anajilaumu. Miaka mitatu imepita, nyumbani alishazoea tena kulala taa imezimwa. Mbona huku anahisi kama ndiyo kwanza yametokea jana?

Mwanamke huyu ni wa kufikirika, lakini swali lake wanalo manusura wengi walio safarini kwa miezi: mfanyabiashara anayevuka mipaka, mwanafunzi aliye ugenini, msichana aliyeweka akiba ili aione dunia. Swali hilo lina jibu la kisayansi, na jibu lenyewe linatia moyo.

Mwaka 1979 wanasaikolojia wa Marekani Mark Bouton na Robert Bolles walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa panya. Panya walizoeshwa kuogopa ishara iliyofuatiwa na shoti ya umeme. Kisha wakahamishiwa kwenye kizimba kingine, ishara ikarudiwa mara nyingi bila shoti yoyote, mpaka hofu ikafifia. Waliporudishwa kizimba cha kwanza, hofu ikarudi. Majaribio ya baadaye yakaonyesha jambo la kushangaza zaidi: hofu inaweza kurudi hata katika kizimba cha tatu, ambacho panya hajawahi kuumizwa ndani yake.

Ubongo, kumbe, haufuti kumbukumbu ya hatari. Hujifunza kumbukumbu ya pili, ya usalama, inayoifunika ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba kumbukumbu ya hatari husafiri kirahisi, ilhali ya usalama hung'ang'ania mahali ilipozaliwa. Amigdala, sehemu ya ubongo yenye umbo la lozi, hupiga king'ora. Hipokampasi huiarifu amigdala mwili uko wapi, na sehemu ya mbele ya ubongo hutuliza mambo pale inapotambua kwamba mahali hapa ni salama. Manusura aliyetumia miaka mitatu kujifunza kwamba chumba chake ni salama amejifunza kuhusu chumba kile, komeo lile, kikohozi cha jirani yule. Chumba namba 7 cha Dodoma hakimo katika somo hilo. Hofu inayomshika huko haina maana kwamba kupona kwake kumeharibika. Ana somo moja la kurudia, na safari hii analirudia akiwa na uzoefu.

Na usiku wa kwanza ugenini ni mgumu kwa kila mtu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakiongozwa na Masako Tamaki na Yuka Sasaki, waliwalaza watu wenye afya njema maabara na kupima mawimbi ya ubongo wao. Usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo ulilala usingizi mwepesi kuliko wa kulia, nao ulikuwa mwepesi kushtuka kwa sauti ngeni. Upande mmoja ulikuwa umebaki zamu. Pomboo hulala hivyo maisha yao yote, nusu ya ubongo ikiwa macho. Watu hao walipolala tena hapo baada ya siku kadhaa, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka.

Kwa manusura, mlinzi huyo wa kawaida huongezewa mlinzi mwingine ambaye hajalala tangu siku ya tukio. Hapo ndipo msafiri wa muda mrefu ana nafasi ambayo mtalii wa wiki moja hana: ana muda. Anayelala mji mpya kila usiku huishi katika usiku wa kwanza usiokwisha. Anayekaa siku tatu au nne mahali pamoja, akafika mchana, akanywa chai kwa mama ntilie yule yule kila asubuhi, anaupa ubongo wake kitu cha kushika. Ratiba ya namna hiyo inaweza kuonekana ya uvivu. Kwa mwili huu ni matibabu.

Kuondoka baada ya kushambuliwa si jambo la leo. Mwaka 1974 muuguzi Ann Burgess na mwanasosholojia Lynda Holmstrom walichapisha walichokisikia kutoka kwa wanawake 92 waliofikishwa hospitali ya jiji la Boston baada ya kubakwa. Wanawake 44 walikuwa wamehama makazi baada ya muda mfupi. Wengi walibadilisha namba za simu. Wengine walisafiri kwenda majimbo mengine au nchi za nje, wakisukumwa na haja kubwa ya kuwa mbali. Ilikuwa miaka sita kabla ya madaktari wa akili wa Marekani kuingiza maradhi ya msongo baada ya kiwewe katika mwongozo wao. Kuwaita wanawake wale wakimbizi wa maisha yao ni kuwaonea. Begi moja linaweza kubeba woga wa kule anakotoka mtu na hamu ya kule anakokwenda.

Ndugu na majirani huwa na neno lao tayari: ungebaki nyumbani. Takwimu haziwaungi mkono. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 ilikadiria kwamba asilimia 26 ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza wamefanyiwa ukatili wa kimwili au kingono na mtu huyo. Waliofanyiwa ukatili wa kingono na mtu mwingine walikuwa kama asilimia 6, ingawa wanawake wengi hawasemi. Nyumba imeumiza wengi kuliko barabara.

Kuna sumu nyingine ambayo manusura huibeba safarini: kutojiamini. Sikupiga kelele wakati ule, nitawezaje kujilinda sasa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm ulihusisha wanawake 298. Asilimia 70 walieleza kwamba mwili uliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio; walishindwa kusogea wala kutoa sauti. Kuganda huko si uamuzi wa mtu wala si ridhaa. Ni mwitikio wa mwili usiongoja ruhusa ya mwenyewe, na hausemi lolote kuhusu uwezo wake wa kuchagua gesti, kukataa lifti au kuomba msaada leo.

Kuchagua ndiko kunakorudisha kilichoporwa, kwa sababu ubakaji kwanza kabisa ni kunyang'anywa uamuzi. Uchaguzi wenyewe huwa mdogo mdogo. Kiti cha dirishani, kwa mfano, husifiwa na kila mtu, lakini manusura wengine hujihisi wamefungiwa pale, wanapumua vizuri kikiwa cha njiani. Chumba karibu na mapokezi, au ghorofani. Kabari ya mpira chini ya mlango. Dereva wa bodaboda aliyetajwa na mtu anayemwamini, namba yake ikiwa tayari kwenye simu.

Tahadhari hizi zina mpaka wake. Kukagua kitasa mara moja kwa mkono na kusema kwa sauti "nimefunga" ni busara. Kukikagua mara ishirini huufundisha ubongo kwamba hatari iko mlangoni, na kila ukaguzi hudai mwingine. King'ora kikilia usiku, njia inayosaidia wengi ni kuurudisha mwili kwenye saa iliyopo: nyayo sakafuni, kutaja vitu vitano vinavyoonekana, kutoa pumzi polepole kuliko ilivyoingia, maana utoaji mrefu wa pumzi hupunguza kasi ya moyo. Kisha maneno ya kweli tupu: leo Jumanne, niko Dodoma, mlango nimeufunga mwenyewe.

Panapokuwa na ndoto mbaya zisizokoma, au mtu akishindwa kutoka chumbani, mbinu za njiani hazitoshi. Tiba ipo, na si ya matajiri pekee. Katika vijiji vya Kivu Kusini, Kongo, watafiti wakiongozwa na Judith Bass walijaribu tiba ya mazungumzo ya kuchambua mawazo yanayomtesa mtu, wakaipanga upya ili wanawake wasiojua kusoma waishike kichwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake waliokutana kwa vikundi walibaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliofundishwa kuongoza vikundi hivyo walikuwa wahudumu wa jamii ile ile, tena katika eneo ambalo vita ilikuwa haijaisha.

Na likitokea shambulio jipya njiani, saa zina uzito. Dawa za kinga ya VVU huanzwa haraka, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi siku 5, ingawa kuwahi ni bora. Kwa msaada, Kenya simu ya 1195 hupokelewa bila malipo. Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono. Rwanda kuna vituo vya Isange, na Bukavu kuna hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege.

Mzigo huu, hata hivyo, usiachwe wote mabegani mwa msafiri. Makonda anaweza kuuliza kabla ya kushika begi. Mwenye gesti anaweza kurekebisha komeo bovu leo, si mwezi ujao. Na mhudumu wa mapokezi, mgeni wa kike anapofika peke yake usiku na wanaume wawili wameketi kwenye kochi wakitazama mpira, anaweza kuiandika namba ya chumba kwenye karatasi na kuisogeza mezani pamoja na ufunguo, bila kuitamka.