Mjumbe Aliye Katika Bomba la Moshi

Mtu apitaye Sinza, katika mji wa Dar es Salaam, akiifuata barabara ya Shekilango itokayo barabara ya Morogoro kwenda barabara ya Bagamoyo, huona motakaa nyingi sana. Nyingi katika hizo zilitumika kwanza katika nchi ya Japani, kisha zikapakiwa merikebuni zikashushwa bandarini. Zafaa hapa, maana Wajapani nao hupita upande wa kushoto wa njia kama watu wa Tanzania, na usukani wa motakaa zao uko kulia. Lakini kwa kuwa zimekwisha kwenda safari nyingi, hupatwa na maradhi ya uzee. Dalili moja ya maradhi hayo ni taa ndogo ya manjano, yenye sura ya injini, iwakayo mbele ya dereva nayo haizimiki.

Taa hiyo huweza kuwashwa na mambo mengi. Mara nyingi habari yake hutoka kwa mjumbe mmoja mdogo akaaye katika bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Jina la mjumbe huyo ni sensa ya oksijeni. Watu wengi hawaijui kazi yake, na kwa kutoijua hupoteza fedha zao. Basi yafaa kueleza kwanza kazi hiyo, ndipo ielezwe namna ya kuitoa sensa na kutia nyingine.

Injini ya petroli huishi kwa vitu viwili, petroli na hewa. Kila mtoto aliyepata kupuliza makaa jikoni ajua kwamba moto hauwaki pasipo hewa. Katika hewa, kitu kiwezeshacho moto kuwaka ni oksijeni, nayo ni kama sehemu 21 katika kila sehemu 100. Ili petroli iungue yote pasipo kusaza, kilo 1 ya petroli yahitaji kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, nyingine hutoka bila kuungua vema; mwenye motakaa hupata hasara, na moshi hujaa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuua. Hewa ikizidi, injini husitasita na kupungukiwa nguvu.

Lakini ni nani awezaye kukipima kipimo hicho, hali moto wawaka gizani ndani ya chuma, mara elfu na zaidi kwa dakika moja? Mpishi akitaka kujua kama kuni zake zaungua vema, huutazama moshi. Sensa nayo hufanya vivyo hivyo.

Umbo lake lafanana na plagi ya injini. Ncha yake imeingia ndani ya bomba, na mkiani mwake mna nyaya. Katika sensa za namna iliyoenea tangu zamani, ndani ya ncha mna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia, kilichopakwa madini ya platini ndani na nje. Upande wa nje wa kikombe hupigwa na moshi; upande wa ndani hupata hewa safi. Kikombe kikipata moto wa nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, oksijeni huweza kupenya katika kauri ile, kutoka palipo nyingi kwenda palipo haba, na mwendo huo huzaa nguvu kidogo za umeme. Oksijeni ikiwa haba katika moshi, ndiyo kusema petroli imezidi, nguvu hizo hufika karibu na volti 0.9. Oksijeni ikiwa nyingi, hushuka hata karibu na volti 0.1. Kompyuta ya motakaa huzisoma habari hizo daima, ikapunguza petroli itokayo katika nozeli, au ikaiongeza.

Chombo hiki kilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, na motakaa za kwanza kukitumia zilikuwa za Volvo, za kampuni ya Swideni, mwaka 1976. Zilipelekwa kuuzwa Marekani, katika jimbo la California, ambako moshi wa motakaa ulikuwa umewasumbua watu wa Los Angeles kwa miaka mingi na sheria ya moshi ilikuwa kali. Pamoja na sensa kilitiwa kichujio ambacho mafundi wa Dar es Salaam hukiita masega, kwa kuwa kina vitundu vingi kama masega ya nyuki. Humo sumu ya moshi hugeuzwa, ikawa hewa isiyodhuru sana. Lakini masega hayafanyi kazi yake vema ila kipimo cha petroli na hewa kiwe sawa, na mwenye kuleta habari za kipimo ni sensa.

Sensa na masega vina adui mmoja mkubwa, ndiyo madini ya risasi, ambayo zamani yalitiwa katika petroli. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar, katika Senegali, wakapatana kuiacha petroli ya namna hiyo. Na ulipoingia mwaka 2006, nchi zilizo kusini ya Sahara zilikuwa zimekwisha kuiacha. Katika dunia nzima nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa motakaa ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Sasa na ufikiriwe mfano wa fundi mmoja mzee wa Sinza, mwenye gereji chini ya mwembe, na kijana anayejifunza kazi kwake. Asubuhi moja akaja dereva wa teksi, uso umemkunjamana.

“Shikamoo, mzee,” akasema. “Nimechoka na taa hii. Juma lililopita niliambiwa sensa imekufa. Nikatoa fedha nilizoziweka kwa kodi ya chumba, nikanunua nyingine, nikafungiwa. Leo taa imewaka tena, na petroli yaisha upesi kama kwanza. Nitafutie sensa nzima zaidi.”

“Marahaba, mwanangu, na pole,” akajibu fundi. “Lakini mjumbe hauawi. Kwanza tusikilize amesema nini.”

Kijana akaunganisha kipimo na kompyuta ya motakaa, nacho kikaonyesha alama P0171. Akasema, “Mzee, kipimo chaonyesha kwamba hewa imezidi. Je, si sensa iliyoharibika?” Na mkono wake ulikuwa umekwisha kushika spana.

“La,” akasema fundi. “Kipimo kimeeleza habari iliyoletwa na mjumbe. Hakikusema kwamba mjumbe ni mwongo.”

Injini ilikuwa bado baridi. Fundi akaamuru iwashwe, akainama akatega sikio. Karibu na mahali bomba liungamanapo na injini, akasikia mlio mdogo, tik, tik, tik. Na alipotazama akaona masizi meusi yameenea kandokando ya ufa. Ufa huo ulikuwa kabla ya kufika sensa. Moshi hutoka katika injini kwa mapigo, kama pumzi ya mtu akimbiaye. Na kati ya pigo na pigo hewa ya nje ilivutwa ndani kwa ufa ule. Sensa ikaiona oksijeni hiyo, ikatoa habari kwamba hewa imezidi. Kompyuta ikasadiki, ikaongeza petroli isiyohitajiwa. Ndiyo sababu petroli iliisha upesi.

Bomba likachomelewa, taa ikazimwa kwa kipimo, na dereva akaenda na kurudi kwa muda wa saa nzima. Taa haikuwaka tena. Ndipo akauliza polepole, “Basi, mzee, ile sensa yangu ya kwanza, niliyoitupa?”

“Labda ilikuwa nzima,” akajibu fundi. “Hewa ilikuwamo kweli. Haikuweza kujua imeingia kwa mlango gani. Kuutafuta mlango ni kazi ya fundi.”

Dereva akanyamaza. Kisha akalipa fedha za kuchomelea bomba, zilizokuwa haba kuliko bei ya sensa, akaenda zake.

Mchana ikaja motakaa ya pili, nayo taa imewaka. Kijana sasa hakushika spana. Kipimo kikaonyesha alama P0135. Alama hiyo huhusu waya wa joto ulio ndani ya sensa, ambao kazi yake ni kuipasha moto upesi, isingoje moshi uipashe. Kijana akatazama kwanza fyuzi na nyaya, akaziona nzima, na umeme wafika. Kisha akaifungua soketi ya sensa, akapima kati ya zile nyaya mbili za rangi moja. Waya wa joto ukiwa mzima, kipimo huonyesha ohm chache tu. Lakini hapa mkondo haukupita kabisa. Waya ulikuwa umekatika ndani, na hauwezi kutengenezwa.

“Huyu amekufa kweli,” akasema fundi. “Mtoe.”

Kazi ya kuitoa si ngumu, lakini ina utaratibu wake. Kwanza, motakaa iinuliwe kwa jeki, kisha iwekwe juu ya stendi za chuma zilizo imara. Mtu asiingie kamwe chini ya motakaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Tena injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa ajili ya ile sumu isiyoonekana. Pili, bomba liachwe lipoe hata libaki na uvuguvugu tu, maana bomba la moto huunguza vibaya, na la baridi kabisa huikaza sensa. Tatu, meno yake yanyunyiziwe mafuta ya kulainisha kutu, na yaachwe kwa muda. Nne, ifunguliwe kwa spana yake. Nyingi huhitaji ya milimita 22, lakini katika baadhi ya motakaa za Toyota sensa hushikwa na nati mbili. Mwenye haraka hutumia nguvu nyingi, akayaharibu meno ya bomba.

Sensa mpya iwe ya namna ile ile iliyotakiwa na motakaa. Ziko zinazofanana kwa macho lakini husema lugha mbalimbali, na kompyuta haielewi lugha ya mgeni. Ncha yake isiguswe kwa mafuta wala grisi, wala isiangushwe, maana kauri huvunjika. Meno yake yapakwe grisi ya kustahimili moto, ila kama yamekwisha kupakwa kiwandani. Gundi ya silikoni isiyo ya kufaa sensa isitumiwe katika kuziba maungo ya injini, maana mvuke wake huiua sensa. Ianzwe kufungwa kwa vidole, kisha ikazwe kwa spana kwa kiasi. Nyaya zifungwe mbali na bomba la moto. Tena nyaya za sensa zisikatwe na kuungwa kwa risasi ya kuchomea, kwa kuwa katika sensa nyingi ile hewa safi ya kulinganishia hupita katikati ya nyaya zenyewe; zikizibwa, sensa hukosa pumzi.

Kijana alipokwisha, alifuta alama, akawasha injini, akakitazama kipimo. Baada ya muda mfupi nguvu za sensa zikaanza kupanda na kushuka, zikifika karibu na volti 0.9 na kurudi karibu na 0.1, tena na tena, kama pumzi ya mtu alalaye salama. Hivyo ndivyo sensa ya namna hiyo ifanyavyo ikiwa nzima, nayo iko mbele ya masega. Kama ingalikaa kimya mahali pamoja, kazi ingalikuwa haijaisha.

Motakaa hizi mbili zililetwa kwa sababu ya taa moja. Kwa ya kwanza mjumbe alikuwa mzima na bomba bovu; kwa ya pili bomba lilikuwa zima na mjumbe amekufa. Kwa macho hazikupambanuka hata kidogo. Zilipambanuliwa na kusikiliza na kupima, kazi ambayo haikuchukua hata nusu saa; na dereva wa teksi, kwa kukosa nusu saa hiyo mara ya kwanza, alitoa kodi ya chumba chake.