Mfuko wa Nyongo Umetoka, Mbona Tumbo Halitulii?

Mtihani wa takwimu, mwaka wa pili, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeandika swali moja na nusu nikainua mkono kuomba kwenda chooni. Nikasindikizwa, nikarudi, nikaandika mistari mitano, nikainua mkono tena. Mara ya tatu yule mama msimamizi aliniangalia kwa lile jicho ambalo kila mwanachuo analijua: huyu ameficha karatasi huko. Karatasi sikuwa nayo. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimetolewa mfuko wa nyongo, na tangu hapo tumbo langu lilijipangia ratiba yake, wala halikujali ratiba ya chuo.

Basi nikashika sup ya takwimu kwa sababu ya choo. Cheka tu, hata mimi sasa hivi nacheka. Ila naandika haya kwa ajili ya mwenzangu ambaye leo hii anapita nyuma ya kafeteria bila kula, ili aweze kukaa kwenye kipindi cha masaa mawili bila kuaibika. Mimi nilifanya hivyo karibu muhula mzima na nusura kunigharimu.

Tuanze na kiungo chenyewe. Kama umewahi kuandaa kuku unakijua: kile kijifuko cha kijani kilichojibana kwenye ini, ambacho mama alikuonya usikipasue maana nyama yote itakuwa chungu. Binadamu naye anacho. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Mfuko kazi yake ni kuihifadhi na kuipunguza maji ili iwe nzito. Wenyewe ni mdogo, unabeba mililita 30 mpaka 50 hivi. Ukila kitu chenye mafuta, mfuko unajikaza na kumwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba, nayo inayavunjavunja mafuta yasagike.

Watu hushangaa kijana wa miaka 22 anatolewaje mfuko wa nyongo, eti huo si ugonjwa wa watu wazima wanene? Mimi nina selimundu. Chembe nyekundu za damu za mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi, zetu huvunjika baada ya siku kumi hadi ishirini. Mabaki yake yanapitia kwenye nyongo, na kwa miaka yanagandamana kuwa vijiwe. Ndiyo maana wenye selimundu wanapata vijiwe hata wakiwa watoto. Vyangu vilianza kunikaba usiku, maumivu chini ya mbavu za kulia yanapanda mpaka begani, ikaamuliwa mfuko utolewe kwa upasuaji wa matundu madogo.

Na kuutoa si jambo la ajabu. Daktari Carl Langenbuch aliutoa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na farasi, ngamia na tembo wanaishi vizuri tu bila kuwa nao kabisa. Mfuko ukishatoka, nyongo bado inatengenezwa, isipokuwa sasa haina pa kusubiri. Inadondoka kwenye utumbo muda wote, umekula hujala.

Hapo ndipo palipo na shida yetu. Kwa kawaida, karibu asilimia 95 ya asidi za nyongo hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zikatumike tena. Zikizidi uwezo wa kunyonywa, zinapita hadi kwenye utumbo mpana. Zikifika huko zinavuta maji na kuusukuma utumbo ukimbie. Matokeo yake ni kuhara maji maji, mara nyingi asubuhi au mara tu baada ya kula, na haraka ambayo haina mjadala. Wengine hawaharishi, wao ni gesi, tumbo kujaa, au kichefuchefu wakila chipsi. Kwa wengi hali hii hutulia yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Kwa wachache inaendelea, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Haya yote hakuna aliyeniambia. Siku naruhusiwa kutoka hospitali nilielezwa kuhusu nyuzi, kuoga, na kutobeba ndoo. Nilipoanza kuhara nikaenda zahanati nikapewa dawa ya amiba. Ikaisha, nikarudi, nikapewa tena. Mara ya tatu nikaambiwa ni homa ya matumbo. Rafiki zangu hosteli wao walishapima kwa macho: una vidonda vya tumbo, acha kusoma usiku. Sisemi amiba haipo, ipo sana, na kupima choo ni hatua ya kwanza ya lazima. Ila ukimwona mtoa huduma, anza na sentensi hii: "Nilitolewa mfuko wa nyongo mwezi fulani, na kuhara kulianza baada ya hapo." Mimi nilikuwa naitaja operesheni mwishoni, kama habari ya pembeni. Nafikiri nilikuwa naona tumbo ni jambo moja na operesheni ni jambo lingine lililokwisha.

Sasa kosa langu kubwa. Nilipoona dawa hazisaidii, nikaamua kuitibu aibu. Nikaacha kula mchana. Halafu nikapunguza maji, yaani makusudi, glasi moja asubuhi na moja usiku, ili nisiombe ruhusa darasani. Kukaa na njaa hakuizuii nyongo, inadondoka vilevile. Maji ndiyo yaliyonimaliza. Mtu anayeharisha anapoteza maji, na mtu wa selimundu akikauka maji, chembe zake zinajikunja na kuziba mishipa midogo. Wiki mbili baada ya ule mtihani nililetwa wodini nimebebwa na wenzangu wawili wa chumba, mifupa ya mapaja na mgongo ikiuma kiasi kwamba sikuweza kutaja jina langu. Nililala siku sita, yote kwa kukwepa kuinua mkono.

Ni daktari wa wodi ile aliyeunganisha mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza choo kikoje, saa ngapi, baada ya kula nini. Akasema, "Mwanangu, hii ni nyongo." Uingereza wana kipimo maalumu cha kuonyesha kama asidi za nyongo zinapotelea kwenye choo. Mimi hakikuwepo, kwa hiyo alifanya kama madaktari wengi wanavyofanya: alinipa dawa ya kuikamata nyongo kwa majuma kadhaa tuone.

Dawa inaitwa kolestiramini. Ni unga, unachanganya na maji au juisi, usiumeze mkavu. Ladha yake? Kama kunywa mchanga laini wenye machungwa. Inashikana na asidi za nyongo ndani ya utumbo na kutoka nazo. Kwangu siku ya nne nilikwenda chooni mara moja tu, nikakaa kitandani nikashangaa. Lakini sikiliza vizuri hapa. Dawa hii haichagui, inashika na dawa nyingine. Vidonge vingine vyote vimezwe saa moja kabla yake, au masaa manne hadi sita baada yake. Foliki asidi, ambayo sisi wa selimundu tunameza kila siku, ni mojawapo. Vidonge vya uzazi wa mpango pia. Ukiitumia muda mrefu inaweza kupunguza vitamini A, D, E na K mwilini, hivyo ni dawa ya kutumia chini ya daktari. Na ukizidisha unafunga choo, ukose huku na huku. Siyo kila duka la dawa wanayo, kwa hiyo uliza kabla haijakuishia.

Kuna na loperamidi, kidonge cha kupunguza mwendo wa utumbo. Wengine wanakihifadhi kwa siku ya mtihani au safari ya basi. Sawa, mwulize daktari kwanza, na usikimeze kama una homa au unaona damu kwenye choo.

Chakula ndicho kinanipa mtihani kuliko dawa, maana bumu likiingia chipsi mayai zinaita. Mafuta huachi yote, mwili unayahitaji; unayagawa. Nusu sahani mara tano kwa siku inanikalia vizuri kuliko sahani moja ya mlima saa kumi jioni. Mama wa genge pale nyuma ya hosteli ameshanizoea: ugali, samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, mchicha bila nazi nyingi. Ndizi, viazi vitamu na uji wa oti vina nyuzinyuzi laini ambazo zinanyonya maji na kukipa choo umbo. Maharage nayo yana hizo nyuzinyuzi, ila anza na vijiko viwili, vinginevyo chumba kizima kitajua. Kahawa nyeusi asubuhi kabla ya kula kitu mimi nimeiacha kabisa. Chai ya maziwa jaribu mwenyewe uone, matumbo hayafanani. Nilichoshauriwa ni kuandika kwenye daftari kwa wiki mbili nilichokula na kilichotokea. Niligundua adui yangu ni mandazi, wakati miezi yote nilikuwa nalaumu pilipili.

Na maji, tafadhali. Ukiharisha siku nzima kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS.

Usidhani kila kitu ni nyongo kudondoka, maana kijiwe kinaweza kubaki kwenye mrija. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, homa na kutetemeka, mkojo kama chai ya rangi huku choo kikiwa cheupe kama udongo, damu kwenye choo, kukonda bila sababu: hizo si za kusubiri wikiendi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwetu wa selimundu macho ya njano tumeyazoea, kwa hiyo angalia kama yamezidi kawaida yako.

Mambo ya chuo sasa. Chukua barua ya daktari uipeleke ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla ya mitihani, siyo baada ya kushika sup. Mimi nilienda nimejiandaa kubishana, yule mama akasoma, akagonga muhuri, akauliza tu kama nataka kiti cha karibu na mlango. Sup ya takwimu nikaifanya kwenye kiti hicho. Nilitoka mara moja, nikarudi, nikamaliza maswali yote manne.